Ansel Adams, Fundi wa Chumba cha Giza

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii nimeisikia tangu darasa la kwanza, na kama wenzangu wengi nilikuwa nikiichomeka kwenye insha ili nipate alama tu. Maana yake sikuijua hasa hadi likizo ya Desemba iliyopita, tulipotaka kumtengenezea marehemu babu picha ya ukumbusho. Aliyenifunza ni Mmarekani mmoja ambaye hakumjua babu, wala babu hakuwahi kulisikia jina lake. Jina lenyewe ni Ansel Adams. Lakini wacha nianzie nyumbani, ndipo mtaelewa kwa nini nimemleta kwenye jarida letu la Kiswahili.

Babu alikuwa mpiga picha. Alikuwa na studio ya chumba kimoja sokoni, na nyuma yake kijichumba cha giza alimokuwa akisafishia picha. Alipofariki aliacha mkebe wa biskuti uliojaa negativu. Moja ilikuwa yake mwenyewe: amesimama mlangoni pa studio, kofia kichwani, jua kali likiupiga ukuta mweupe ulio nyuma yake. Picha iliyokuwa ikitundikwa sebuleni ilikuwa imeliwa na mchwa. Siku ya ukumbusho ilipokaribia, nyanya alisema anaitaka picha hiyo na si nyingine.

Basi hapo ubishi ukazuka. Baba mdogo alisema hakuna haja ya kuhangaika. Negativu ipelekwe mjini, iingizwe kwenye kompyuta, printa iteme picha, dakika kumi tumemaliza. Shangazi akaruka juu. Kwake yeye ile si picha, ni wino uliomwagwa kwenye karatasi. Ati babu alikuwa akitengeneza picha kwa dawa na kwa mikono yake, sasa leo atengenezwe na mashine kama tangazo la sabuni? Baba mdogo alishinda, maana ndiye aliyekuwa na nauli. Jioni picha ikaletwa. Jamani! Uso chini ya kofia ulikuwa mweusi kama mkaa, na ukuta umekuwa mweupe usio na kitu. Nyanya aliitazama kwa muda, akaigeuza kifudifudi mezani, akasema huyo siye. Shangazi akailaumu mashine. Nami nikaungana naye.

Shule zilipofunguliwa nilimsimulia mwalimu mlezi wa chama chetu. Aliniuliza swali moja tu: picha ilipokuwa ikitoka, ni nani aliyesimama kando yake akaikagua? Sikuwa na jibu. Akanielekeza kwenye maktaba nikasome habari za Adams, kisha nirudi. Haya ninayowaletea ndiyo niliyoyasoma.

Ansel Adams alizaliwa tarehe 20 Februari 1902 katika jiji la San Francisco, kwenye jimbo la California huko Marekani. Alikuwa mtoto wa pekee. Mwezi Aprili 1906 mtetemeko mkubwa wa ardhi uliliangamiza jiji hilo. Yeye aliuponyoka mtetemeko wenyewe, lakini uliofuatia, ambao ulikuwa mdogo, ulimrusha akagonga uso kwenye ukuta wa bustani. Pua ikavunjika, ikapinda, ikabaki hivyo hadi kufa kwake.

Shuleni hakutulia hata kidogo. Alikuwa mtundu, hakai kitini, na walimu walishindwa naye. Mwaka 1915 baba yake alimwondoa, akamnunulia tikiti ya mwaka mzima ya maonyesho makubwa ya kimataifa yaliyokuwa yakifanyika jijini humo, akamwambia huko ndiko shuleni kwake. Cheti alichopata baadaye kilikuwa cha darasa la nane tu. Msinielewe vibaya, wenzangu. Sisemi tuache shule! Miaka mingi baadaye, mnamo 1981, Chuo Kikuu cha Harvard kilimtunuku shahada ya heshima ya udaktari, lakini katikati hapo kuna jasho la zaidi ya miaka 60.

Kilichomtuliza kwanza ni piano. Akiwa na umri wa miaka 12 alijifunza mwenyewe kusoma noti za muziki, kisha akapata walimu waliomkazania sana, warudie wimbo mmoja mpaka kila sauti iwe safi. Kwa muda mrefu alidhani atakuwa mpiga piano. Nawaomba mlikumbuke jambo hili la piano, kwa sababu nitalirudia.

Mwaka 1916 wazazi wake walimpeleka kwenye bonde la Yosemite, penye maporomoko ya maji na majabali yanayopanda wima kuelekea mawinguni. Huko walimpa kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, kamera ya watoto yenye umbo la kisanduku. Kuanzia hapo alirudi Yosemite kila mwaka wa maisha yake. Akiwa kijana aliwahi kufanya kazi kwenye duka la kusafisha picha San Francisco, na mwaka 1919 alijiunga na Sierra Club, chama cha wapenda milima na watetezi wa misitu. Yosemite ndiko alikomchumbia Virginia Best, binti wa mchoraji aliyekuwa na studio huko. Walioana mwaka 1928.

Tarehe 10 Aprili 1927 alipanda na wenzake kwenye mwamba unaotazamana na jabali liitwalo Half Dome. Alikuwa amebeba kamera nzito na vioo 12 vya kupigia picha, kwa maana enzi hizo walitumia vioo vilivyopakwa dawa. Alipofika mahali penyewe alikuwa amebakiwa na viwili tu. Alipiga cha kwanza akiwa ameweka kichujio cha manjano kwenye lenzi. Mara akatanabahi kwamba picha itatoka ya kawaida, mbingu itakuwa ya kijivu na jabali halitatisha kama lilivyokuwa likimtisha yeye pale aliposimama. Akaweka kichujio chekundu, ambacho huitia mbingu giza, akapiga kioo cha mwisho. Picha hiyo, Monolith, ndiyo iliyomfungulia njia. Alikuwa ameiona picha iliyokamilika akilini kabla ya kubonyeza kamera. Tangu siku hiyo hilo likawa somo lake kuu: mpiga picha aone kwanza, halafu ndipo apige.

Hata hivyo, muziki haukumwachia upesi. Mwaka 1930 alikutana na mpiga picha Paul Strand, akaonyeshwa negativu zake, na hapo akakata shauri kuiacha piano iwe burudani, kamera iwe kazi. Mwaka 1932 yeye na wenzake, miongoni mwao Edward Weston na Imogen Cunningham, waliunda kundi la f/64. Jina hilo ni kipimo cha tundu la lenzi likiwa dogo sana, hata cha karibu na cha mbali vyote vionekane wazi. Wakati huo wapiga picha wengi waliona haya kuwa wapiga picha. Walizififisha picha zao makusudi ili zifanane na michoro, wapate kuitwa wasanii. Kundi la f/64 lilikataa katakata. Lilisema picha ina uzuri wake yenyewe, haina haja ya kujivika nguo za kuazima.

Tuingie sasa katika chumba cha giza, maana sifa za mtu huyu zimo humo. Sisi tuliozaliwa na simu mikononi hatujui kilichokuwa kikitendeka ndani. Negativu huwekwa kwenye mashine ya kukuzia. Mwanga hupita ndani yake ukaangukia karatasi iliyopakwa jelatini yenye chembe za chumvi ya fedha. Karatasi hutiwa kwenye beseni la dawa ya kwanza, na picha huanza kujitokeza polepole kama mtu anayetoka ukunguni. Kisha huingia kwenye dawa ya kuizuia isizidi, halafu dawa ya kuidumisha, halafu huoshwa kwa maji mengi kwa muda mrefu. Weusi mnaouona kwenye picha ya namna hiyo ni fedha halisi, madini, iliyolala ndani ya karatasi.

Lakini ujuzi wenyewe uko kwenye zile sekunde mwanga unapoanguka. Mahali ukipazuia mwanga, patakuwa peupe zaidi. Ukipaongezea, patakuwa peusi zaidi. Adams alikuwa na vipande vya kadibodi, vingine vimefungwa kwenye waya, vingine vimetobolewa katikati. Alivipitisha juu ya karatasi huku akihesabu kwa mlio wa kile chombo ambacho wanamuziki hukitumia kushika mapigo. Huku anazuia, kule anaongeza. Akijua kwamba picha ikikauka huingia giza kidogo, aliichukua nakala ya majaribio akaikausha kwenye jiko la maikrowevu, ili ajue itakavyoonekana hasa. Asiporidhika hutupa, akaanza upya.

Yeye na mwalimu mwenzake Fred Archer, walipokuwa wakifundisha Los Angeles mnamo mwaka 1940 hivi, walibuni kanuni ya kuugawa mwanga kwa kanda, kuanzia sifuri ambayo ni weusi mtupu hadi kumi ambayo ni weupe mtupu. Kwa kanuni hiyo mwanafunzi aliweza kuamua kabla ya kupiga: kivuli kile kiangukie kanda ya tatu, wingu lile kanda ya saba. Kilichoonekana kuwa bahati kikageuka kuwa hesabu.

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941, kama wanajimu walivyokuja kukokotoa baadaye kwa kuutazama mwezi uliomo pichani, Adams alikuwa akiendesha gari kurudi mji wa Santa Fe, pamoja na mwanawe Michael na rafiki yake Cedric Wright. Walipofika kijiji cha Hernandez aliona mwezi umepanda juu ya milima, na jua linalotua likimulika misalaba ya makaburi kwa mara ya mwisho. Alisimamisha gari kwa kishindo, akaparamia vifaa, na kipima mwanga hakionekani! Kwa bahati alikumbuka kiasi cha mwanga wa mwezi, akapiga hesabu kichwani, akafungua lenzi kwa sekunde moja. Alipogeuza kibebeo cha filamu apige ya pili, jua lilikuwa limeshaiacha misalaba. Imebaki hiyo hiyo moja.

Wengi huishia hapo wakisema alibahatika. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Negativu ile ilikuwa ngumu mno kuisafishia picha. Sehemu ya chini, yenye nyumba na makaburi, ilikuwa hafifu, na mwaka 1948 ilimlazimu aitie dawa tena sehemu hiyo peke yake ili aipe nguvu, akijua kwamba akikosea kidogo amepoteza kila kitu. Kwa zaidi ya miaka 30 alisafisha nakala zaidi ya elfu moja za picha hiyo. Na si kwamba zinafanana! Katika nakala za mwanzo mbingu ina mawingu hafifu na rangi ya kijivu. Katika za uzeeni mbingu imekuwa nyeusi tititi, na mwezi unang'aa peke yake. Negativu moja, picha nyingi.

Hapa ndipo piano inaporudi. Adams alipenda kuifananisha negativu na noti zilizoandikwa, na picha iliyosafishwa na wimbo unapopigwa. Noti hazisikiki zenyewe. Lazima akae mtu, azipige, na kila akizipiga atazipiga kama alivyo siku hiyo.

Msidhani aliishi chumbani tu. Picha zake za milima zilisaidia kuwashawishi viongozi wa Marekani, na mwaka 1940 Kings Canyon ikatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwaka huo huo alishiriki kuanzisha idara ya picha katika jumba la sanaa la kisasa, MoMA, mjini New York. Mwaka 1943, wakati wa vita, alikwenda kambi ya Manzanar ambako Wamarekani wenye asili ya Kijapani walikuwa wamefungiwa bila kosa. Aliwapiga picha kwa heshima, na mwaka uliofuata akazitoa katika kitabu, ingawa watu wengi hawakupenda kuambiwa ukweli huo. Misukosuko nayo haikumkosa: mwaka 1937 moto ulizuka katika chumba chake cha giza Yosemite, ukateketeza negativu nyingi.

Mwishoni mwa 1975 alitangaza kwamba hapokei tena maombi ya nakala. Waliowahi walimwachia deni la takribani nakala 3,000, akalilipa kwa miaka kadhaa, kila moja kwa mkono. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter alimvika nishani ya juu ya raia. Alifariki tarehe 22 Aprili 1984 akiwa na umri wa miaka 82, na mwaka uliofuata mlima mmoja huko Yosemite ukaitwa kwa jina lake.

Mpenzi msomaji, pengine unangoja nikuambie kwamba mzee huyu angeichukia printa. Nami nilitarajia hivyo, nikamletee shangazi ushahidi. Kumbe la! Mwaka 1981, katika toleo jipya la kitabu chake cha The Negative, aliandika kwamba anazingojea kwa hamu njia mpya, na kwamba hatua kubwa itakayofuata ni picha ya kielektroniki. Ila aliongeza kwamba njia hiyo nayo itakuwa na tabia zake, na msanii atalazimika kuzijifunza na kuzitawala.

Ikawa hivyo. Mwaka 1991 mwanamuziki Graham Nash na mwenzake Mac Holbert walifungua karakana huko California, wakaichukua printa ya wino iliyotengenezewa kazi za viwanda vya uchapaji, wakaigeuza iwe ya kutolea picha za sanaa. Mwanzoni wino wake ulikuwa ukipauka upesi. Kufikia mwaka 2000 zikaja printa zenye wino wa chembe za rangi, ambao hudumu zaidi. Printa hizo hurusha vitone vidogo visivyoonekana kwa macho, na kwa picha nyeusi na nyeupe baadhi yake hutumia wino wa kijivu wa namna mbalimbali, ili kivuli kishuke polepole na si kwa kuruka. Mwaka 2005 Kodak ilitangaza kuacha kutengeneza karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, na mafundi wengi wa chumba cha giza walilia kama waliofiwa. Hata duka la picha la familia ya Adams kule Yosemite limeuza namna zote mbili: picha zilizosafishwa kwa dawa kutoka negativu zake na fundi aliyekuwa msaidizi wake, na nyingine zilizotolewa kwa printa ya wino.

Tofauti zipo, tusidanganyane. Katika picha ya dawa weusi umo ndani ya karatasi. Katika picha ya printa wino umekaa kwenye tabaka la juu. Fundi wa dawa hawezi kutoa nakala mbili zilizo sawa kabisa. Printa itatoa mia kama pacha. Ya kwanza ina alama ya mkono wa siku ile. Ya pili hukuruhusu urekebishe pembe moja ndogo bila kuharibu karatasi kumi. Lakini kuna jambo moja linalozifanya ndugu: zote mbili, ukiziacha zijitengeneze zenyewe, zitakupa uso wa mkaa na ukuta usio na kitu.

Nilirudi kwa mwalimu nikiwa na jibu. Hapakuwa na mtu. Picha ya babu ilipotoka mjini hapakuwa na mtu aliyesimama kando yake. Mashine ilibonyezwa, karatasi ikatoka, pesa ikalipwa.

Likizo fupi ilipofika niliichukua ile negativu, nikaenda mjini mwenyewe. Kijana wa duka alishangaa nilipovuta kiti nikaketi karibu naye. Nilimwomba aupunguzie uso giza, kidogo kidogo, mpaka macho yaonekane chini ya kofia. Kisha ukuta autie kivuli mpaka nyufa zitokee. Karatasi ya kwanza tuliikataa. Ya pili ilikuwa imezidi, babu akaonekana kama aliyepakwa unga. Ya tatu bado. Pesa zangu za matumizi zilikuwa zinaisha, na yule kijana, ambaye mwanzoni alikuwa akitazama saa, sasa ndiye aliyesema tujaribu tena. Ya nne tukanyamaza sote.

Nyanya aliishika kwa mikono miwili. Hakusema kitu. Alipitisha kidole kwenye ukuta, pale palipokuwa na ufa niliokuwa sijawahi kuufahamu, kisha akaniambia ufa huo babu alikuwa akiahidi kuuziba kila mwaka. Picha imetundikwa sebuleni. Shangazi bado anashikilia kwamba siku moja tutafute dawa na karatasi tuisafishe kama babu alivyokuwa akisafisha, nami simpingi. Ningependa sana kuiona ikitoka ukunguni ndani ya beseni. Ila sasa hata yeye huwaonyesha wageni ile iliyoko.

Basi wenzangu, msiulize tu picha imetoka wapi, kwenye dawa au kwenye wino. Ulizeni ni nani aliyesimama kando yake, na ni ngapi alizozikataa kabla ya hiyo. Vyaelea kwa sababu viliundwa, na aliyeviunda alikesha.